Waya wa Pili Chini ya Nyumba ya Bi Opal

Nakutegea, mwenzangu, na usikimbilie kujibu. Alikuja kwa magurudumu, akavuliwa magurudumu, akavikwa sketi, akaambiwa simama hapo hapo mpaka uzeeke. Kila apitaye anamsifu sura, lakini anayetaka kujua afya yake lazima alale chini amchungulie tumboni. Nani huyo?

Umeshindwa, basi nipe mji. Sitaki mji mkubwa. Nipe huu wetu wa Laurel Fork, barabara moja ya changarawe, mto upande wa chini, kilima upande wa juu, na katikati nyumba za trela zimepangwa kama mikate kwenye sinia. Jibu ni hizo trela. Na kisa cha leo ni cha mtu anayelala chini yake ili wengine walale juu kwa amani.

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumanne, Virgil Dockery amelala chali chini ya nyumba ya Bi Opal Sizemore. Amefungua vipande viwili vya sketi, zile mbao za plastiki zinazozunguka chini ya trela, akaviegemeza kwenye mtungi wa gesi. Ametandika kipande cha zulia kuukuu, amevaa tochi kichwani, na kinachoonekana nje ni viatu vyake tu.

Viatu hivyo havitulii. Vinapinda huku, vinapinda kule, kisigino kinachimba udongo, kidole kinagonga tofali la saruji. Nje hapo Bi Opal ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, blanketi mabegani, naye hatulii vilevile. Redio ya jikoni inarudia habari moja tangu alfajiri: Ijumaa baridi kali inakuja, watu wayatazame mabomba yao.

"Bi Opal, unaona?" Sauti inatoka chini.

"Naona viatu."

"Inama kidogo."

"Mwanangu, magoti haya yakiinama hayarudi. Utanivuta kwa kamba kama ng'ombe aliyezama."

Basi kinatoka kioo. Ni kioo kidogo cha kunyolea, kimefungwa kwenye mpini wa fagio, na Virgil anakisukuma nje kupitia mwanya kisha anakielekeza kwa mkono mpaka bibi huyo wa miaka sabini na sita aone tumbo la nyumba yake akiwa juu ya ndoo. Ndivyo anavyofanya kazi siku hizi. Hakazi hata skrubu moja mpaka mwenye nyumba aone kilicho chini kwa macho yake mwenyewe, na akimaliza anamwita tena aone. Asiyetaka kuona, Virgil hukunja zulia lake akaenda zake.

Bi Opal anaona turubai jeusi lililochanika. Anaona pamba ya kuzuia baridi ikining'inia kama ndevu, na bomba la maji linalopanda bafuni. Mkono wa Virgil unaisogeza pamba pembeni, na nyuma yake zinatokea nyaya mbili zilizoungua, nyeusi, zimenata pamoja.

Viatu vinatulia. Ni mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Kisha Virgil anauliza, polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Bi Opal, nani alizungusha huu waya wa pili?"

Bi Opal anakitazama kile kioo. Halafu anasema kahawa inamwagika jikoni, anajishika ukuta, anainuka na magoti yake yale yale, anaingia ndani. Kahawa ilikuwa haijawekwa motoni.

Ili uelewe kwa nini swali dogo kama hilo lilimwinua bibi mzima, inabidi nikurudishe nyuma.

Virgil ana miaka hamsini na tisa, mrefu, mwembamba, anaishi na mbwa mzee upande wa pili wa kilima. Kazi hii aliianzia kiwandani, enzi kiwanda cha trela kilipokuwa bado kinafanya kazi bondeni. Miaka kumi na saba alifunga sakafu na mabomba, sakafu kwanza, kuta baadaye, paa mwisho, mpaka kiwanda kilipofungwa na kila mtu akaenda na njia yake.

"Mimi nalijua tumbo la trela kabla halijafunikwa," anasema. "Wenzangu wanalikuta limeshaugua."

Wenzake hao nao si wengi. Mafundi wa nyumba ukiwaita wanasema hilo ni gari. Mafundi wa magari ukiwaita wanasema hiyo ni nyumba. Milango yetu ni myembamba kuliko milango ya duka, kuta zetu hazipendi misumari mirefu, na ukiinua trela kwa jeki mahali pasipostahili, madirisha yote yanapasuka upande mmoja. Kwa hiyo fundi wa kweli akipatikana, watu humtunza kama jino la mwisho.

Na wasio wa kweli hawakosi. Wanakuja wakati wa joto na ngazi juu ya gari, mashati yao yameshonwa majina kifuani, wanaongea vizuri kuliko mchungaji. Wawili wa namna hiyo walimpakia jirani yetu Marisol Aguirre paa lake dawa ya kuzuia uvujaji. Lilimetameta kama samaki. Mvua ya kwanza ilipokuja ile dawa ikashuka yote, ikapita ukutani, ikaishia kwenye maua yake, na maua yakafa.

Nikutegee kingine basi, cha haraka. Mgeni gani unamfungulia mlango, unampa kahawa, kisha anakwenda kukaa mahali usipoweza kumwona, na ukweli wake unaujua miezi mingi baada ya yeye kuondoka? Hicho ni rahisi. Ni fundi wa trela.

Kwa miaka mingi fundi wa Laurel Fork alikuwa Virgil. Alikuwa hawezi kutoka kwa mtu mpaka kwenye gari lake bila kuitwa njiani mara tatu. Ngazi ya huyu, bomba la yule, mlango wa fulani unaokwaruza. Watu walimwachia funguo wakaenda zao kazini.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, Bi Opal alimwita amfungie waya wa joto kwenye bomba la maji. Kila nyumba hapa ina waya huo. Unachomekwa kwenye plagi, unalala kwenye bomba, bomba haligandi. Virgil akafunga, akachukua chake, akaondoka. Baridi ikaja. Siku hiyo hiyo mabomba ya Roscoe Tipton, nyumba ya tatu, yakapasuka, na kila mtu akawa anakimbia huku na huku na ndoo na vikaushio vya nywele.

Kesho yake mchana moshi ukatoka chini ya nyumba ya Bi Opal. Roscoe ndiye aliyeuona. Aling'oa sketi kwa mikono, akamwaga ndoo baada ya ndoo, na hata zimamoto walipofika moto ulikuwa umeshalala. Sakafu ya bafu ilikuwa imeungua kwa chini, bomba limepasuka, na Bi Opal yuko nje na soksi tu.

Zimamoto mmoja akauliza nani alifanya kazi kule chini.

Bi Opal akasema, Virgil.

Hakuna aliyeuliza la pili. Jina lile likatoka kwa zimamoto likaenda kwa Roscoe, kwa Roscoe likaenda kwenye masanduku ya barua ya getini, watu wote wanapokutana kila mchana, na kutoka masanduku ya barua habari haina haja ya gari. Virgil aliposikia alikuja mbio aone kimeharibika nini. Roscoe na wanaume wengine wawili wakamsimamisha getini. Akaomba wamruhusu achungulie tu. Wakamwambia ameshachungulia vya kutosha. Pazia la Bi Opal lilikuwa limefungwa.

Binamu wa Bi Opal akatoka mjini, akapitisha bomba jipya la plastiki pembeni ya lile lililopasuka, akasukumiza nyaya zilizoungua ndani ya pamba zisionekane, akapigilia ubao mwembamba juu ya sakafu mbovu. Mambo yakaishia hapo. Kwa wengine.

"Unajua kilichonitesa?" Virgil ananiambia, mkono wake ukifungua na kufunga futi ya chuma bila yeye kujua. "Si kukosa kazi. Ni kwamba sikujua. Labda kweli nilikosea. Labda siku ile mikono ilikuwa na baridi, nikapitisha waya mahali usipotakiwa. Ningekuwa nimemuua bibi wa watu, na wala sikumbuki."

Anasema alianza kurudi kwa watu aliowafanyia kazi zamani, huko kwake ng'ambo ya kilima. Anagonga mlango, anaomba aguse plagi, aone kama ina moto. Mara ya kwanza walimshukuru. Mara ya tatu walimtazama kwa huruma. Akawa hali chakula akamaliza. Akikaa anainuka, akiinuka hajui alikuwa anakwenda wapi. Mbwa wake, anasema, akaacha kumfuata chumba hadi chumba, akachoka, akawa anamsubiri mlangoni.

Siku nzuri Virgil hupata dola mia na hamsini, na mafuta ya gari ya kuvuka kilima yanakula sehemu kubwa. Siku nzuri zenyewe zimepungua. Binti yake Janelle aliye Ohio amemtafutia kazi kwenye ghala la kupanga mizigo, ndani, penye joto, mshahara kila wiki. Wanataka jibu lake Jumamosi hii. Virgil alimwambia binti yake kwamba Laurel Fork isipomwita kazini na msimu huu, atauza ngazi zake aende.

Ndipo simu ya Bi Opal ilipoingia.

Bi Opal hakuanza na Virgil. Sakafu ya bafu ilipoanza kuzama chini ya mguu alimpigia fundi wa kwanza, naye akasema hafanyi trela. Wa pili alikuja, akatazama nyumba akiwa ndani ya gari, akageuza. Wa tatu alitaka apewe fedha zote mbele, na Bi Opal, ambaye hajazaliwa jana, akamwambia azisubiri hapo hapo alipo. Ikabaki ile namba ambayo hakuhitaji kuitafuta mahali popote.

Anasema simu iliita mara moja tu. Virgil hakumuuliza chochote cha zamani. Alisema atakuja, kwa sharti moja: mama, utatazama.

Jumatano Virgil anakata sakafu. Mbao za trela zilizotengenezwa kwa maranda yaliyogandishwa zikinywa maji huvimba kama mkate kwenye chai, na hii ya Bi Opal ilikuwa imekunywa taratibu kwa miezi, kwa sababu bomba la binamu lilikuwa linadondosha kwenye kiungo. Inatoka kwa mkono, vipande vinamong'onyoka. Virgil anavibeba nje kwenye karai, anarudi, anabeba tena. Chini ya ubao mbovu zinaonekana mbao zilizo nzima, na alama nyeusi ya moto ule, duara moja, si kubwa kuliko mdomo wa sufuria.

Bi Opal anapita ukumbini. Anapita tena. Anapanga taulo zilizopangwa. Anaongea habari za mazishi ya juma lililopita, habari za mchungaji mpya anayeimba vibaya, habari za dada yake aliyeolewa na mwanaume asiyekula vitunguu. Anaongea kila kitu kilicho juu ya dunia isipokuwa kile kilichokuwa chini ya nyumba yake.

Nyaya zile mbili Virgil amezitoa, amezikunja, ameziweka kwenye ndoo barazani, wazi. Hakuuliza tena. Alipotoka kuchukua plaiwudi alikuta ndoo imefunikwa taulo. Akaliondoa taulo, akalikunja vizuri, akalirudisha ndani. Aliporudi mara ya pili taulo lilikuwa juu ya ndoo tena. Safari hii akaliacha.

Mchana bibi anapakua maharage na mkate wa mahindi.

"Kula. Umekonda kama skrubu."

Virgil anakula amesimama. Bi Opal anamwambia akae, kwake watu hula wamekaa. Anakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri basi.

"Siku ile waliniuliza nani alifanya kazi chini," Bi Opal anasema akitazama dirishani. "Nikasema wewe. Sikusema uongo."

"Hapana, Bi Opal. Hukusema uongo."

"Wala sikumwambia mtu asikuite."

"Hukumwambia." Virgil anavunja mkate wake vipande viwili na hali hata kimoja. "Wewe ulinitaja tu, ukanyamaza. Wengine wakamalizia."

Bi Opal anainuka kuongeza maharage kwenye sahani iliyojaa.

Nilimuuliza Virgil jioni ile, akifunga zana zake, kwa nini haendi kwenye masanduku ya barua na zile nyaya mkononi akawaonyesha watu. Maana ushahidi upo. Mmoja umenyooka kwenye bomba, umefungwa tepu nyeupe kila baada ya kiganja. Hiyo ndiyo kazi yake, tangu kiwandani. Mwingine umezungushwa juu ya wa kwanza kama utepe kwenye kijiti cha peremende, umefungwa tepu nyekundu ya dukani. Waya wa joto ukipita juu ya mwenzake unajichoma wenyewe. Hauhitaji adui.

"Nikisema mimi, watasema fundi anajitetea," alinijibu. "Na watakuwa na haki. Wale wenye mashati ya majina nao walijitetea. Aliyefanya ndiye aseme, au isisemwe."

"Na isiposemwa?"

Alifunga boksi la zana, akalifungua, akalifunga tena.

"Sasa mimi najua sikumchoma. Hilo peke yake limenilaza usingizi jana. Lakini kujua mwenyewe hakumpi mtu kazi."

Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshamuuliza mengi, akaniambia jambo ambalo hajamwambia mtu. Akipata kubaki, anataka kila mwaka, kabla ya baridi, achague Jumamosi moja azunguke Laurel Fork nzima na kile kioo chake. Bila malipo. Kila mwenye nyumba akae kwenye ndoo yake, aonyeshwe tumbo la nyumba yake likiwa zima, ili siku mtu akija kumdanganya ajue kuna kitu kimebadilika. Aliongea haraka, kama anayeogopa kukatizwa, mikono ikichora trela hewani. Kisha akasema labda ni upuuzi, na kwamba Ohio kuna mishahara ya kila wiki.

Alhamisi, mchana. Posta hupita saa sita na nusu, na masanduku yote ya barua ya Laurel Fork yako kwenye mstari mmoja getini, mkabala na baraza la Bi Opal. Anayesubiri barua na asiyesubiri wote wanakuja. Leo wamekuja mapema, kwa sababu upepo umeshageuka na unaingia mikononi. Watu wanapiga miguu chini. Wanatazama kilima, wanatazama saa, wanatazama kilima tena.

Virgil amemaliza. Sakafu imekaa, pimamaji imesoma sawa, turubai jipya limebanwa, waya mpya mmoja tu umelala kwenye bomba, na Bi Opal ameshaona yote kwenye kioo akiwa juu ya ndoo yake. Sasa Virgil anafunga ngazi juu ya gari. Anakaza kamba, anailegeza, anaikaza.

"Kumbe wewe ndiye fundi," Roscoe Tipton anasema kwa sauti ya watu wote kusikia. Ni dereva wa malori aliyestaafu, tumbo mbele, sauti mbele zaidi, na mtu mbaya siye. Ndiye aliyezima moto ule na nyusi zake ziliungua. "Nilidhani Bi Opal kafanyiwa kazi na mzimu. Safari hii tumweke nani zamu na ndoo?"

Mtu mmoja anacheka. Virgil anaendelea na kamba.

Roscoe anapanda ngazi ya baraza kama kwake. Anafunua taulo. Anatoa zile nyaya kwenye ndoo na kuziinua juu, nyeusi, zimenata.

"Tazameni wenyewe. Hii hapa. Hii ndiyo iliyotaka kumwoka bibi wa watu kama kuku."

Marisol Aguirre ametoka kwenye kundi. Ana sababu ya kutoka. Juzi upepo umemchania turubai chini ya nyumba, bomba lake liko uchi, na mama yake anayetumia mashine ya kupumulia amelala chumba cha mwisho. Baridi ni kesho. Mumewe Beto amesema mtu yeyote isipokuwa Virgil, na huyo mtu yeyote Marisol amempigia simu tangu siku hiyo bila kumpata. Marisol hasogei kwa Roscoe. Anasogea kwa Virgil.

"Kaka Virgil, mimi sitaki maneno ya watu. Niambie wewe. Ni waya wako ule?"

"Mmoja ni wangu. Ule ulionyooka, wenye tepu nyeupe."

"Na mwingine?"

"Mwingine sikuuweka mimi."

"Nani aliuweka?"

"Sijui." Virgil hatazami nyumba. Anatazama fundo lake. "Ningejua ningekuambia, dada. Mama yako ni mgonjwa, siwezi kukufanyia mchezo."

"Hajui," Roscoe anawaambia wenzake. "Waya umeota wenyewe kama uyoga. Marisol, mama, mwite mtu mwingine hata wa Ohio huko."

Ohio ni neno tu lililomtoka mdomoni, Roscoe hakujua lolote. Lakini Virgil anaacha kamba. Anaitazama ngazi iliyo juu ya gari kama ya mtu mwingine. Marisol amesimama katikati ya njia, uso mara kwa Virgil, mara kwa Roscoe, mara kwa nyumba yake mwisho wa barabara, na simu mkononi bila kujua ampigie nani.

Mlango wa baraza unafunguka.

Bi Opal ametoka na kandambili za ndani, hana koti. Upepo unalichukua gauni lake na yeye halishiki. Roscoe anamwambia arudi ndani atashikwa na kifua. Bibi anamnyooshea mkono, na Roscoe, asijue afanye nini kingine, anampa zile nyaya.

Anazigeuza. Kidole chake kinatafuta kwenye masizi mpaka kinapata kipande cha tepu ambacho hakikuungua. Anakisugua kwa ncha ya gauni. Ni nyekundu.

"Bi Opal," Marisol anasema taratibu. "Wewe ndiye mwenye nyumba. Nani alizungusha huu waya wa pili?"

Posta imefika, gari limesimama, hakuna anayekwenda kwenye sanduku lake. Virgil ameshika kamba, na mikono yake imetulia.

"Mimi," Bi Opal anasema. "Virgil aliweka mmoja, akafunga vizuri, akaenda. Mabomba ya Roscoe yalipopasuka nikaogopa, nikanunua wa pili dukani, nikatambaa chini na magoti haya nikauzungushia juu ya wake, kama unavyomwongezea mtoto blanketi."